Simu sikioni, mkono hewani

Kibanda changu cha uwakala kina kioo mbele na tundu dogo la kupitishia pesa. Mteja akishatoa hela yake, au akiwa bado anasubiri meseji ya muamala, husogea pembeni chini ya mwembe na kuanza kuongea na simu. Mimi huku ndani simsikii. Barabara ina makelele, na feni yangu nayo haitaki kunyamaza. Namwona tu. Nimekaa miaka kwenye kiti hiki nikiwatazama watu wakiongea bila sauti, na sijamwona hata mmoja ambaye simu iko sikioni na mkono wa pili umetulia.

Juzi alikuwepo mama mmoja anamwelekeza mtu njia. Mkono wa kulia ulinyooka mbele, ukasimama, ukakata kushoto, ukapanda kidogo maana palikuwa na kilima, halafu kiganja kikapiga chini mara mbili: hapo hapo. Kumbe yule wa upande wa pili alishapotea, kwa sababu kiganja kilifuta hewa yote, na safari ikaanza upya kutoka kituoni. Mbele, kushoto, kilima, hapo hapo. Aliyekuwa akielekezwa hakuona hata kidole. Na mama yule analijua hilo vizuri sana, ungemuuliza angekucheka. Mkono ulienda vilevile.

Akafuata kijana anayeomba aongezewe muda wa deni, au kodi, sijui. Hilo nalo sikuhitaji kusikia. Kiganja kifuani, mgongo umeinama, kichwa kinaitikia kila baada ya sekunde mbili. Kisha akavua kofia. Akamvulia kofia mtu aliye ndani ya simu!

Jibu linalokuja haraka ni kwamba tumeiga. Mtoto anamwona mama yake akirusha mikono, naye anarusha, na akishakua inakuwa mazoea asiyoweza kuyaacha hata gizani. Linaingia akilini. Ila lina namna ya kulipima: mtafute mtu ambaye hajawahi kuona mkono wa mtu yeyote.

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow, walichapisha utafiti mfupi katika jarida la Nature. Walikaa na watoto na vijana 12 waliozaliwa vipofu, wakawapa maswali ya kufikiria ambayo watoto wengi wa shule hupewa: maji yakimiminwa kutoka kwenye glasi ndefu kwenda kwenye chombo kipana, je, ni yaleyale au yamepungua? Wakawauliza na wenzao wanaoona. Vipofu wote 12 waliongea na mikono yao, na hawakupishana na wanaoona kwa kiasi cha maana. Hata umbo la ishara lilikuwa lilelile: mkono umekunjwa kana kwamba umeshika glasi, halafu unainamishwa hewani, maji yanamwagika. Kisha wakafanya jambo ambalo mimi ndilo lililonimaliza. Waliwachukua watoto wanne vipofu wakaongee na mtu mzima ambaye naye haoni, na watoto wakajulishwa hivyo. Mikono ilicheza vilevile. Chumbani hakuna anayemwona mwenzake, na mikono iko kazini.

Kuhusu simu nako watu wamechunguza. Janet Bavelas na wenzake wa huko Kanada waliwapa watu picha ya gauni la kizamani, lile la mapambo na sketi iliyotanuka, wakawaambia walieleze. Wengine walilieleza ana kwa ana, wengine kwa simu, wengine waliongea na kinasa sauti peke yao. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Wa kwenye simu walitumia mikono kwa wingi kabisa. Wa ana kwa ana walikuwa na ishara kubwa zaidi. Waliopwaya ni wale wa kinasa sauti. Kwa hiyo mkono hauhitaji jicho la mtu, unahitaji mtu. Mwenye kuongea na mashine hupooza, mwenye kuongea na binadamu aliye Mwanza wakati yeye yuko Temeke huchangamka.

Kuna Mwingereza mmoja ambaye habari zake zimeandikwa sana, Ian Waterman. Mwaka 1971, akiwa na miaka 19, aliugua, na ugonjwa ulipopita ulikuwa umeharibu mishipa ya fahamu inayopeleka habari za mguso na za mahali viungo vilipo, kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake ilikuwa mizima. Ila hakujua mguu wake uko wapi mpaka autazame. Hebu fikiria hali hiyo kidogo. Wewe ukifumba macho unaweza kugusa pua yako. Yeye hawezi kujua kama mkono uko mapajani au umening'inia nje ya kitanda. Madaktari hawakutarajia angesimama tena, lakini alijifundisha kutembea upya kwa kuvitazama viungo vyake na kupanga kila hatua kichwani, na taa ikizimika ghafla akiwa amesimama, anaanguka.

Mtafiti David McNeill wa Chicago na wenzake walimweka mbele ya kizuizi kilichofunika mikono yake asiione, wakamrekodi. Kazi za mikono, za kushika kitu na kukitumia, zilivurugika. Lakini alipoanza kusimulia hadithi mikono ikaibuka, ikaenda sambamba na maneno, na kubadilisha mwendo pale alipobadilisha mwendo wa kuongea. Mikono ileile isiyoweza kushika kitu bila kuangaliwa iliweza kusimulia bila kuangaliwa. Maana yake ni kwamba mkono unapoongea hautumii njia ileile unayotumia kufungua mfuniko wa chai. Umefungwa kwenye mdomo.

Hapo mimi nikaridhika kwamba kutikisa mikono ni kitu tunachozaliwa nacho. Kilichobaki ni sura yake, na hapo ndipo bibi zetu wanapoingia.

Bibi yangu alikuwa na sheria za mikono kuliko sheria za kanisa. Boga changa halinyooshewi kidole, litaoza kabla halijakomaa. Ukitaka kumwonyesha mwenzio boga, onyesha kwa ngumi. Kaburi nalo usilinyooshee, na ukijisahau, ukiume kidole. Mtu mzima haitwi kwa kidole kimoja kinachojikunja kuelekea juu, huko ni kumdharau. Unashusha kiganja chini na kukipunga. (Mzungu akiuona mkono huo anaweza kudhani anafukuzwa.) Kitu hakitolewi kwa mkono wa kushoto. Na usishike tama, yaani usikae umeegemeza shavu kwenye kiganja, kwani msiba utausikia unabisha hodi.

Ukizitazama vizuri sheria zote hizi utaona hakuna hata moja inayokataza mkono kusema. Mtoto anaanza kunyoosha kidole akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja, mara nyingi kabla hajasema maneno ya kueleweka, na sidhani kuna mama aliyewahi kukaa chini akamfundisha. Bibi hakuzuia mtu kuonyesha boga. Alibadilisha kidole kikawa ngumi.

Iliyokuwa kali kuliko zote ilikuwa ya kuweka mikono kichwani. Ukijitwika viganja utosini, hata kwa uvivu tu wa jioni, ungesikia sauti kutoka jikoni: "Toa mikono kichwani! Unamlilia nani?" Ni uchuro. Hivyo ndivyo wanavyofanya waliofiwa wanapopokea habari. Nenda sasa Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga. Mshambuliaji kabaki yeye na kipa, uwanja mzima umesimama, anapiga, mpira unapita juu ya mwamba. Tazama jukwaani. Maelfu ya mikono iko kichwani kwa mpigo mmoja, ya watu wazima waliolelewa na bibi wa aina ileile, na mchezaji mwenyewe pale katikati kafanya hivyohivyo. Washa runinga utazame ligi ya Uingereza, au Argentina, au Misri. Mikono kichwani. Hao wote hawakulelewa na bibi mmoja.

Utaniambia wameonana kwenye runinga. Inawezekana, mpira unaambukiza mengi, kuanzia mtindo wa nywele. Lakini tukiacha huzuni tukachukua furaha ya ushindi, kuna kipimo. Jessica Tracy na David Matsumoto walichunguza picha za wapiganaji wa judo katika Olimpiki na Paralimpiki za mwaka 2004, wanaoona na wasioona, wakiwemo waliozaliwa bila kuona. Aliyeshinda anainua mikono, kifua mbele, kichwa nyuma. Waliozaliwa vipofu walifanya hivyo nao. Hakuna runinga iliyowafundisha. Kwa hiyo nikiona mikono inapanda kichwani kwa Mkapa, nina hisia kwamba naangalia kitu kilichokuwepo kabla ya bibi, ambacho bibi alijaribu kukifungia kwenye sanduku la misiba na hakikufungika. Hiyo ya kichwani ni hisia yangu tu. Ya judo imepimwa.

Mkono wa kushoto una habari tamu zaidi, kutoka Ghana. Huko, kama kwetu, kumnyooshea au kumpa mtu kitu kwa kushoto ni utovu wa adabu. Sotaro Kita na James Essegbey walienda miongoni mwa Waewe, wakawa wanawauliza watu njia na kurekodi, na matokeo yakatoka mwaka 2001. Watu waliweka mkono wa kushoto nyuma ya kiuno, ishara ya heshima. Kama unakokwenda kuko kushoto, mkono wa kulia ulivuka kifua chote kwenda kuonyesha huko, hata ukijipinda vibaya. Lakini wa kushoto haukulala. Ulijitokeza kwa siri, chini, kando ya paja, ukaonyesha kidogo na kurudi. Mwenyewe amefunzwa kuufunga tangu utotoni, na bado maneno "kata kushoto" yakitoka mdomoni unachomoka. Tangu nisome hayo nawaangalia watu pale chini ya mwembe kwa jicho jingine, hasa wanaozungumza na wazee wao.

Nisieleweke vibaya. Kuna watu wakisikia "kuzaliwa nacho" wanakimbilia damu na kabila: Waitaliano ndivyo walivyoumbwa, watu wa Pwani ndivyo walivyo, wale wa bara wakavu. Hilo lilishajibiwa siku nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kule Ujerumani walikuwepo waliokuwa wakiandika kwa kujiamini kwamba ishara za mikono zinatokana na mbari ya mtu. David Efron, Muargentina aliyekuwa akisoma New York chini ya mwanaanthropolojia Franz Boas, akaingia mitaani na mchoraji kuwatazama wahamiaji wa Kiitaliano na wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki. Waliotoka kwao wakiwa watu wazima walitofautiana waziwazi: Mtaliano anatanua mikono mbali na mwili, Myahudi anabana viwiko na kuchora hewani karibu na kifua, mara kwa mara akimgusa anayeongea naye. Ukija kwa vizazi vilivyozama kwenye maisha ya Kimarekani, tofauti ile haipo tena. Kazi yake ilitoka mwaka 1941. Damu haikubadilika, mtaa ndio uliobadilika.

Na mtaa si lazima uingie kwa macho. Şeyda Özçalışkan na wenzake waliwalinganisha vipofu wanaoongea Kituruki na wanaoongea Kiingereza, wakaona mwaka 2016 kwamba kila kundi linapunga mikono kwa mtindo wa wenye lugha yake wanaoona. Kiingereza hubana namna ya kwenda na upande wa kwenda katika tendo moja, mkono nao unafanya yote kwa pamoja. Kituruki huvitenganisha, na mkono unavitenganisha. Kipofu hajaona mkono wowote, ameifuata sarufi. Kiswahili kwa hili kimekaa upande wa Kituruki: tunasema mtu aliingia akikimbia, aliteremka akibingirika. Natamani mtu wa chuo chetu chochote apeleke kamera shule ya wasioona akatazame mikono yetu inaingia kwanza au inakimbia kwanza.

Jirani zetu wa msituni nao wana hesabu yao. Sokwe wa Gombe hunyoosha kiganja wazi kuomba chakula, na hakuna anayehitaji tafsiri. Catherine Hobaiter na wenzake, waliowafuatilia sokwe wa msitu wa Budongo huko Uganda, waliorodhesha ishara zao 66. Mwaka 2023 yeye na Kirsty Graham wakaweka video za ishara za sokwe na za bonobo, ndugu zao wa karibu, mtandaoni, watu wa kawaida wakachagua maana, na wakapatia zaidi ya nusu wakati kubahatisha kungewapa robo. Lakini hata sokwe wana mila. Wa Mahale, wanaposafishana manyoya, hushikana viganja juu ya vichwa kama watu wanaopeana tano na kusahau kuachiana. Kwa wenzao wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika lilelile, watafiti hawakuikuta desturi hiyo.

Sasa niseme kilichonifanya niandike haya leo. Mtandaoni wamejaa walimu wa "lugha ya mwili". Akigusa pua, anadanganya. Akikunja mikono, hakupendi. Wanaanza na takwimu kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno. Namba hiyo inatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambamo watu walisikiliza neno mojamoja likitamkwa kwa sauti tofauti na kutazama picha za nyuso, wakakisia msemaji anapenda au anachukia. Mehrabian mwenyewe amesema haihusu mazungumzo yote. Ingekuwa kweli, mimi ndani ya kioo changu ningeelewa asilimia 93 ya anachosema kila mteja, na ningeshafunga kibanda nikafungua ofisi ya upelelezi. Na hao wanaosoma waongo: Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti nyingi mwaka 2006, wakakuta binadamu anapatia asilimia 54. Ukirusha sarafu unapata 50.

Timu ya Bond iliuliza pia katika nchi 58 mwongo anajulikanaje. Jibu lililoongoza: hakutazami machoni. Hapo ndipo tunapoumizana. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri akiongea na mkubwa anashusha macho. Akimkazia, anaulizwa "unanitolea macho mimi?"

Mpwa wangu alienda kwenye usaili wa kazi mwezi uliopita. Alijiandaa kwa video za walimu hao. Wakamwambia mikono aifungie mapajani, kuichezesha ni dalili ya woga, na macho ayakaze kwa mkuu wa jopo. Akafanya yote. Swali la kwanza alijibu, la pili akapotea katikati ya sentensi.

"Mjomba, nilisahau hadi jina la kozi niliyosoma," akaniambia.

Mimi sishangai. Mwaka 1996 Robert Krauss na wenzake waliwazuia watu kutumia mikono wakati wakisimulia katuni, na kila palipohitaji kueleza mahali au mwendo, maneno yalichelewa. Goldin-Meadow naye mwaka 2001 aliwapa watu orodha ya kukumbuka huku wakieleza hesabu, na walioruhusiwa kutumia mikono walikumbuka vingi zaidi. Unafunga mikono ya binti aliyezaliwa nayo ikisema, halafu unashangaa anakosa maneno.

Nilimwambia safari ijayo aiachie. Juzi amefanya usaili mwingine, akaieleza biashara ya mama yake ya vitenge kuanzia Kariakoo hadi Kahama kwa mikono miwili, na kwenye Kahama akaangusha chupa ya maji ya mwenyekiti wa jopo. Wamesema watampigia.